Msitu wa Karura na Tundu la Kamera

Msitu wa Karura uko upande wa kaskazini wa jiji la Nairobi, kati ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu, na sehemu yake nyingine iitwayo Sigiria iko ng'ambo ya barabara ya Limuru. Ukubwa wake ni kama hekta 1,000, yaani ekari 2,500 hivi. Mtu atokaye katikati ya mji hupanda matatu, na huenda akafika karibu na lango kabla hajamaliza kusoma gazeti lake. Ni ajabu kwamba mahali palipo karibu hivyo na maofisi na maduka pana maporomoko ya maji, mapango, vijito, mianzi, na miti ambayo vilele vyake havionekani ila kwa kuinua uso mpaka kofia itake kuanguka.

Watu huenda Karura kwa sababu nyingi. Wengine hukimbia asubuhi kwa ajili ya afya zao, wengine huendesha baiskeli, na wengine huchukua watoto na chakula wakaketi majanini. Makala haya ni kwa yule aendaye na kamera shingoni, naye ataka kujifunza jambo moja tu, nalo ni jinsi ya kutumia tundu la lenzi. Msitu huu ni darasa jema kwa somo hilo, kwa maana katika mwendo wa saa tatu mtu hukutana na nuru ya kila namna: jua la mahali palipo wazi, kivuli kizito cha chini ya miti, mng'ao wa maji, na giza la pango. Tena mambo yaliyotokea huko zamani yatuonyesha kwamba somo lenyewe si mchezo wa kupoteza wakati.

TUNDU NA NAMBA ZAKE

Ndani ya lenzi mna vipande vyembamba vilivyopangwa kwa duara, navyo huweza kufunguka na kufumba kama mboni ya jicho la paka. Paka akiwa juani mboni yake huwa mstari mwembamba. Akiwa gizani hutanuka ikawa duara kubwa. Tundu la lenzi hufanya vivyo hivyo, ila paka hafikirii, na mwenye kamera imempasa kufikiri.

Tundu hupimwa kwa namba hizi: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16 na 22. Si kila lenzi inazo zote, lakini nyingi zinazo za katikati. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo. Mkulima hatapata taabu kuelewa jambo hili akikumbuka habari ya kugawa shamba. Shamba moja likigawiwa watoto wawili, kila mmoja hupata sehemu ya kutosha. Likigawiwa watoto kumi na sita, kila mmoja hupata ukanda wa kupanda sukuma wiki tu. Namba ya tundu nayo ni namba ya kugawanyia. Chukua lenzi iliyoandikwa milimita 50. Ukigawanya 50 kwa 2, tundu lina upana wa milimita 25. Ukigawanya kwa 4, lina milimita 12 na nusu. Kwa 8, ni milimita 6 na robo. Kwa 16, ni milimita 3 na kidogo, kama tundu la kitufe cha shati.

Ukitoka namba moja kwenda inayofuata, nuru hupungua nusu. Kwa hiyo namba 4 hupitisha nusu ya nuru ya namba 2.8, na namba 5.6 hupitisha nusu ya ile ya namba 4. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya tundu, yaani kupima nuru iingiayo.

Kazi ya pili wengi hawaijui, nayo ndiyo kubwa zaidi. Tundu huamua ni vitu gani vitaonekana dhahiri katika picha na ni vipi vitafifia kama vilivyo ndani ya ukungu. Tundu likiwa pana, kitu kile tu ulichokilenga ndicho kitakuwa dhahiri. Vilivyo mbele yake na nyuma yake vitafifia. Tundu likiwa dogo, vitu vya karibu na vya mbali vitaonekana pamoja. Masafa hayo, tangu kitu cha karibu mpaka cha mbali ambavyo vyote ni dhahiri, na tuyaite kina cha udhahiri.

UA MOJA, PICHA TATU

Jumamosi moja mwezi wa Januari nilikwenda Karura pamoja na mpwa wangu, ambaye ni karani mjini. Alikuwa amenunua kamera iliyokwisha tumika, nzuri kabisa, yenye lenzi ya milimita 50. Lakini tangu aliponunua alikuwa ameiacha ijichagulie kila kitu yenyewe, kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa akamwachia jirani akamue.

Tulianza kwenye kiziwa cha mayungiyungi. Ilikuwa saa mbili ya asubuhi, jua halijawa kali. Nilimwambia alenge ua moja lililokuwa mita mbili mbele yake, kisha alipige picha tatu bila kusogea hata hatua moja: ya kwanza kwa namba 2, ya pili kwa namba 8, ya tatu kwa namba 16.

Hesabu ya picha zile ni hii, kwa kamera ya namna ile itumiayo filamu ya milimita 35, au ya dijitali yenye ukubwa huo huo. Kwa namba 2, kina cha udhahiri ni kama sentimita 19 tu, chini ya shubiri moja. Kwa namba 8 ni kama sentimita 80. Kwa namba 16 ni karibu mita moja na sentimita 80, zaidi ya urefu wa mtu wa kadiri. Katika picha ya kwanza ua lilisimama peke yake, na majani yote yaliyoelea nyuma yalikuwa rangi ya kijani isiyo na umbo. Katika ya pili, majani ya jirani yalianza kujulikana. Katika ya tatu ungeweza kuyahesabu majani mengi, na kereng'ende aliyetua juu ya jani mojawapo alionekana.

Mpwa wangu alizitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mjomba, ya kwanza yapendeza macho kuliko ya tatu. Mbona basi hiyo ya tatu ndiyo yenye vitu vingi?"

Nikamjibu, "Ya kwanza yasema neno moja, yaani ua. Ya tatu yasema ua, na maji, na majani, na mdudu. Kwanza ujiulize wewe wataka kusema nini, ndipo ushike namba."

"Na kamera ikijichagulia yenyewe?"

"Haijui ulikuja kutazama nini."

CHINI YA MITI

Kutoka kiziwani tuliingia kwenye njia iliyofunikwa na miti. Karura ina miti ya kupandwa, kama mikaratusi, na ina miti ya asili vile vile. Mmojawapo ni muhugu, mti mgumu ambao wachonga vinyago wa Ukambani wameupenda tangu zamani, hata ukawa haba mahali pengi. Humo kivulini nuru hupungua ghafula. Jicho la mwanadamu hujirekebisha mara moja wala halisemi, hata mtu akadhani nuru ni ile ile. Kamera haidanganyiki.

Hapo yafaa kueleza habari ya pazia la kamera, ambalo mafundi huliita shata. Tundu huamua upana wa mlango, na shata huamua mlango ukae wazi muda gani. Viwili hivi hufanya kazi kama bomba na ndoo. Ukiwa na bomba pana ndoo hujaa upesi. Ukiwa na bomba jembamba hapana budi kungoja. Chini ya miti ile, tukiwa tumeweka wepesi wa kamera, yaani ISO, kuwa 400, namba 8 ilitaka shata ikae wazi sehemu moja ya 30 ya sekunde. Tukifungua tundu hatua nne, yaani 5.6, kisha 4, kisha 2.8, kisha 2, shata ilitosha sehemu moja ya 500. Nuru iliyoingia ni kiasi kile kile, lakini picha si ile ile.

Kwa nini? Kwa sababu mkono wa mtu hautulii. Kanuni nzuri ya kushika kamera kwa mkono ni kwamba shata isiwe ya polepole kuliko sehemu moja ya namba ya lenzi. Kwa lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya sehemu moja ya 50. Kwa lenzi ndefu ya milimita 200, usishuke chini ya sehemu moja ya 200. Ukishuka, picha yote itatikisika, nao utikiso huo si sawa na kufifia kwa nyuma kulikokusudiwa. Kufifia kwa tundu pana huacha kitu kimoja dhahiri. Kutikisika hakuachi hata kimoja.

Juu ya miti walikuwapo mbega, wale wa rangi nyeusi na nyeupe wenye mkia kama usinga. Mnyama huyu ni mtihani mgumu wa tundu, kwa kuwa ana rangi mbili zinazopingana, hukaa kivulini, na hatulii. Mpiga picha asichague namba 11 hapo kwa tamaa ya kuonyesha kila tawi. Na afungue tundu kadiri lenzi yake iwezavyo, alenge jicho la mnyama, na kuyaacha matawi yafifie. Picha ya mnyama ambaye jicho lake ni dhahiri hupendeza hata kama mkia umefifia, lakini mkia dhahiri na jicho lililofifia ni picha ya kutupwa.

MAPOROMOKO YA MAJI

Mto Karura huanguka kutoka juu ya mwamba wa kimo cha mita 15 hivi. Njia ya kushukia ni ya mteremko, na mawe ya chini huteleza; mtu asirudi nyuma huku jicho lake liko kwenye kamera. Kwanza atazame mahali atakaposimama, ndipo atazame picha.

Maji yaangukayo hufundisha jambo ambalo ua halikufundisha. Tukiwa na ISO ile ile ya 400 na tundu la namba 2.8, shata ilikwenda sehemu moja ya 250 ya sekunde, na matone yakaonekana moja moja kama punje za mtama zilizorushwa kwenye ungo. Kisha tukaiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, tukapunguza ISO mpaka 100, tukafunga tundu mpaka namba 16. Sasa shata ilikaa wazi nusu sekunde, na katika muda huo maji yalikimbia, lakini mwamba haukuondoka mahali pake. Picha ikaonyesha mwamba ulio dhahiri, na maji meupe laini kama pamba iliyochambuliwa.

Hakuna picha iliyo ya uwongo katika hizo mbili. Ya kwanza yaonyesha nguvu ya maji, na ya pili yaonyesha mwendo wake. Asiye na stendi na aweke kamera juu ya jiwe lililokauka, akunje sweta chini yake, na kutumia saa ya kamera ya kujipiga yenyewe ili kidole chake kisiitikise.

Huenda mtu akafikiri, "Ikiwa tundu dogo huleta udhahiri, basi nitatumia namba 22 siku zote." Fikira hiyo si sawa. Nuru ikipitishwa katika tundu dogo mno, hupinda ukingoni ikatawanyika, na picha yote hupoteza ukali wake kidogo. Kwa lenzi nyingi, kazi bora hupatikana kati ya namba 5.6 na 11. Namba 16 ni ya haja maalumu, na 22 ni ya dharura. Kila kitu na kiasi chake.

MDOMO WA PANGO

Mbali kidogo na maporomoko yapo mapango, ambayo yanatajwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Mtu akiingia humo na kutazama nje, ataona mdomo wa pango uking'aa majani mabichi, na kuta zinazomzunguka zikiwa nyeusi.

Mpwa wangu alijaribu namba zote, kila mara akitumaini kupata ukuta na majani kwa pamoja. Alipolipa tundu nuru ya kutosha kwa ukuta, majani ya nje yalikuwa meupe kama karatasi. Alipoyapima majani, ukuta ukapotea gizani. Hili nalo ni fundisho. Tundu halina uwezo wa kusawazisha nuru mbili zilizoachana sana. Hapo hapana budi kuchagua kimoja, au kungoja saa nyingine ya siku. Nchi yetu, kwa kuwa iko kwenye Ikweta, jua lake hupanda upesi, na kuanzia saa nne mpaka saa tisa huwa juu ya utosi, likifanya vivuli vikali. Asubuhi na mapema, jioni, na siku za mawingu za Juni mpaka Agosti ambazo wengi huzinung'unikia kwa baridi, ndizo siku njema za kupiga picha msituni.

PICHA ILIYO USHAHIDI

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague Karura kuliko mahali pengine. Karura ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi kwa siri ili wajenge, na miti ikaanza kukatwa. Mwaka 1998 Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walianza kuipinga kazi hiyo, wakiingia msituni na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 alirudi tena, pamoja na wabunge, waandishi wa habari na wageni, naye akakusudia kupanda mti. Walinzi waliokuwa wamewekwa langoni wakawashambulia, naye akapigwa kichwani mpaka damu ikatoka.

Tukio hilo lilinaswa kwa kamera na watu waliomuunga mkono. Picha zikaonekana ndani ya nchi na ng'ambo, na watu wakaghadhibika. Wanafunzi wa vyuo wakaandamana. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, Rais Moi akatangaza kwamba ugawaji wa ardhi ya umma umepigwa marufuku. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011. Msitu nao ukazungushiwa ua, njia zikatengenezwa, na leo watoto huendesha baiskeli mahali ambapo pangalikuwa na nyumba za watu wachache.

Sisemi kwamba kamera ndiyo iliyookoa msitu. Waliouokoa ni watu waliothubutu kuingia langoni. Lakini asiyekuwapo siku ile aliamini kwa sababu aliona, na hapo ndipo somo letu la tundu linapokuwa zito.

Tuseme, ndugu msomaji, kwamba umekuta mti mkubwa umekatwa karibu na mpaka wa msitu ulio wilayani kwako. Ukipiga kisiki kwa namba 2 ukiwa karibu, utapata picha ya kupendeza sana: kisiki chekundu kilichotoka utomvu, na nyuma yake rangi laini. Lakini ukiipeleka kwa mkubwa wa misitu, atauliza, "Kisiki hiki kiko wapi?" Naye atakuwa na haki ya kuuliza, maana kisiki hicho chaweza kuwa Karura, au Kakamega, au nyuma ya nyumba yako mwenyewe. Tundu lako limefuta jiwe la mpaka, limefuta barabara, limefuta kilima. Hukusema uwongo, lakini umeufanya ukweli usiwe na mahali.

Sasa rudi nyuma, simama kama hatua sita kutoka kwenye kisiki. Weka tundu namba 11, na kwa lenzi ya milimita 50 lenga kitu kilicho umbali wa mita saba na nusu. Kila kitu tangu mita nne hivi mpaka upeo wa macho kitakuwa dhahiri: kisiki mbele, jiwe la mpaka kando yake, barabara nyuma, na kilima ambacho kila mwenyeji anakijua. Picha hii haitashinda katika mashindano ya uzuri. Lakini hakuna atakayeuliza ni wapi. Kisha ndipo usogee upige ile ya karibu, ukiweka rula au hata kiatu juu ya kisiki ili ukubwa wake ujulikane. Picha mbili hizo, moja ya mahali na moja ya kitu, hutimiza kazi.

Kwa hiyo kuchagua namba ya tundu ni kuchagua picha yako itashuhudia nini. Kuna wakati wa kufuta vyote ili jambo moja lionekane, na kuna wakati ambapo kufuta ni kumsaidia mwovu.

MASHAURI KWA ANAYEANZA

Kwanza, kwenye kamera nyingi liko gurudumu lenye herufi A, au Av. Ukiligeuza hapo, wewe utachagua tundu na kamera itachagua shata. Hiyo ndiyo njia bora ya kujifunzia. Tazama tu shata isiwe ya polepole mno kwa mkono.

Pili, simu za mkononi zilizo nyingi zina tundu lisilobadilika. Ile picha ya simu yenye nyuma iliyofifia hufanywa kwa hesabu za programu, si kwa tundu, ndiyo maana mara nyingine hula nywele au sikio la mtu. Simu yafaa sana kwa picha ya mahali, kwa kuwa lenzi yake ni fupi na huonyesha vitu vingi dhahiri. Lakini atakaye kujifunza tundu na atafute kamera yenye lenzi inayobadilika, hata kama ni ya zamani.

Tatu, mwenye kamera ya filamu asiyekuwa na kipima nuru na akumbuke kanuni ya kumi na sita: jua likiwa kali na anga haina wingu, weka tundu namba 16, na shata iwe sehemu moja ya namba ya ISO. Kwa filamu ya ISO 100, ni sehemu moja ya 100, au 125 ikiwa ndiyo iliyo karibu. Ukifungua tundu hatua moja, ongeza mwendo wa shata hatua moja.

Nne, chukua daftari. Kamera ya dijitali hujiandikia namba yenyewe, lakini haiandiki ulilokusudia. Andika: "Ua, mita mbili, namba 8, nilitaka majani yaonekane." Ukifika nyumbani linganisha kusudi na matokeo. Karani aliyezoea kulinganisha hesabu za asubuhi na za jioni hatahitaji kufundishwa faida ya jambo hilo.

Tano, lipa ada ya lango, ufuate njia, usikate tawi kwa sababu limeziba picha, wala usiwape kima chakula. Anayepiga picha kwa biashara, kama za arusi au matangazo, na aulize ruhusa kwanza.

Wala si lazima kungoja safari ya Nairobi. Mkulima anaweza kuanza kesho shambani kwake na hindi moja lililo kwenye bua. Asimame mita mbili, alipige kwa namba 2.8, kwa 8 na kwa 16, na kuzitazama picha tatu hizo sebuleni jioni. Kisha aende kwenye korongo linalokula shamba lake kila masika, asimame kwenye jiwe moja lisilohama, alipige kwa namba 11 pamoja na mti na nyumba iliyo nyuma, na kuandika tarehe. Mwakani arudi kwenye jiwe lile lile, na lenzi ile ile, na namba ile ile. Atajua bila kubishana na mtu ni hatua ngapi za udongo zimekwenda, na kama matuta aliyochimba yamefanya kazi au la.